Nani Atamwambia Mkurugenzi Hapana?



Nimeombwa nizungumzie viongozi wa kampuni wanaoanguka baada ya kufika juu. Wanaoiba sitawagusa. Hao wana polisi na mahakama, na kisa cha mwizi hakina fumbo. Wanaonisumbua ni wale wengine: mtu hodari, mwaminifu, mchapakazi, aliyefanya vizuri kila alipopewa kazi kwa miaka ishirini, kisha anakabidhiwa ofisi ya juu kabisa na ndani ya miaka michache kampuni inamharibikia mikononi. Ujuzi wake anao bado. Akili ni ile ile. Kimetokea nini?

Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye kuwahi daladala aondoke nalo. Mara nyingi mtu huyo hakuwahi kufanikiwa peke yake. Juu yake alikuwapo mtu wa kumkatalia. Alipopandishwa cheo, yule wa kumkatalia alibaki nyuma, na bodi iliyomwajiri haikujua kwamba imenunua nusu ya kitu.

Nianzie Marekani, kwa kuwa mkasa wake umeandikwa sana na hesabu zake ziko wazi. Ron Johnson alijipatia jina katika maduka ya Target, na mwaka 2000 akaajiriwa na Steve Jobs, mkuu wa Apple, aanzishe maduka ya kampuni hiyo. Wajuzi wengi wa biashara waliona ni kichekesho, kampuni ya kompyuta kujiuzia yenyewe, tena katika majengo ya kodi kubwa. Maduka mawili ya mwanzo yalifunguliwa tarehe 19 Mei 2001, moja Virginia na jingine California. Miaka kumi baadaye yalikuwa zaidi ya 300 duniani, na Marekani nzima hapakuwa na duka lililouza zaidi yao kwa kila futi ya mraba ya sakafu.

Lakini tutazame kazi ile ilivyofanyika. Kabla ya kufungua hata mlango mmoja, Johnson na wenzake walichukua ghala karibu na makao makuu ya Cupertino wakajenga humo duka la mfano. Jobs alikuwa akija kulikagua mara kwa mara. Miezi ikapita, duka likakaribia kukamilika, ndipo Johnson akatambua kwamba wamelipanga vibaya. Bidhaa zilipangwa jinsi kampuni inavyozigawa, wakati mteja anawaza muziki anaotaka kusikiliza na filamu anazotaka kutengeneza. Akamwambia Jobs wakiwa ndani ya gari, wanaelekea mkutanoni. Jobs aliwaka. Walipofika, Jobs huyo huyo akawaambia waliokuwepo kwamba Johnson amesema kweli, waanze upya. Na ile meza ya mafundi wanaomsaidia mteja ana kwa ana, Genius Bar, ambayo leo inahesabiwa kuwa roho ya maduka yale? Johnson alipolileta wazo hilo, Jobs alilikejeli. Kesho yake akaagiza mwanasheria asajili jina.

Naomba mlishike hili, maana mhadhara wangu wote umelala hapo. Kila wazo la Johnson lilikutana na mtu mkali, mwenye mamlaka, aliyejali duka lile kuliko mtu mwingine yeyote. Lilipigwa, likarudi limenyooka. Mawazo yake mabaya yalikufa ghalani, na kwa sababu yalikufa ghalani mengi hatuyajui. Sisi tuliona ubora tu, tukadhani ndiye Johnson mwenyewe.

Juni 2011 ikatangazwa kwamba atakuwa mkurugenzi mtendaji wa J.C. Penney, kampuni ya maduka iliyoanzia Wyoming mwaka 1902 na ambayo sasa ilikuwa na maduka kama 1,100. Siku ya tangazo hisa zilipanda kwa asilimia 17. Yeye mwenyewe aliweka humo dola milioni 50 za mfukoni mwake, kwa hiyo asiwepo wa kusema kwamba hakuamini alichokifanya. Alikalia kiti tarehe 1 Novemba. Jobs alikuwa amefariki tarehe 5 Oktoba.

Alichokikuta Penney kilimchukiza. Kampuni ilikuwa na promosheni 590 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya bidhaa ziliuzwa kwa nusu ya bei iliyoandikwa au chini ya hapo. Bei ya kwenye lebo ilikuwa uongo ambao muuzaji na mnunuzi wote waliujua. Johnson akaamua kuufuta. Kuanzia tarehe 1 Februari 2012, bei iwe moja, ya haki, kila siku. Kuponi basi, makelele ya punguzo basi. Kwenye karatasi huoni kasoro. Mimi ningekuwa mjumbe wa bodi ile huenda ningepiga makofi.

Muuza vitenge wa mtaa wa Congo, pale Kariakoo, asingepiga. Yeye anajua kwamba mteja hanunui kitenge peke yake. Ananunua na ile raha ya kupunguziwa, ya kwenda kumwambia jirani kwamba walitaja elfu thelathini akachukua kwa kumi na nane. Mwandikie kumi na nane tangu asubuhi, bado atauliza bei ya mwisho ni ngapi, na ukimjibu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho atavuka barabara. Mama wa Ohio aliyekata kuponi gazetini Jumapili hakuwa tofauti naye. Johnson alimpa bei ile ile, akamnyang'anya ushindi wake.

Ndani ya kampuni walikuwemo watu waliolijua hilo. Aliposhauriwa ajaribu kwanza katika maduka machache, inaelezwa kwamba alijibu kuwa Apple hawakufanya majaribio. Angalieni kumbukumbu ya mshindi inavyochagua! Ile miezi ghalani, lile duka lililopangwa upya, yale maneno ndani ya gari, vyote vilikuwa majaribio, na mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa Jobs mwenyewe. Johnson alikumbuka kufaulu, akamsahau mtahini. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakutia maji kwa makusudi. Aliamini kabisa kwamba ni tembo lile lile.

Mwaka 2012 mauzo yalishuka kutoka dola bilioni 17.3 hadi bilioni 13, yaani robo nzima ya biashara, na hasara ikafika dola milioni 985. Katika robo ya mwisho, ambayo ndiyo yenye Krismasi, maduka yaliuza pungufu kwa karibu asilimia 32 kuliko msimu uliotangulia. Aprili 2013 bodi ikamwondoa, ikamrudisha yule aliyemtangulia, Mike Ullman. Mwezi uliofuata kampuni ikarusha tangazo la kuwabembeleza wateja warudi.

Na bodi ilikuwa wapi miezi yote 17? Ilikuwa imemleta kwa shangwe. Mwanahisa mkubwa, Bill Ackman, ndiye aliyempigia debe. Mtu uliyemtangaza kuwa mkombozi, utaanzaje kumhoji mwezi wa tatu?

Wasomaji wa vitabu vya uongozi wananitazama, najua wanataka kunikumbusha Kanuni ya Peter, iliyotokana na kitabu cha Laurence Peter na Raymond Hull cha mwaka 1969: kila mtu hupandishwa mpaka afikie ngazi asiyoiweza, akakwama hapo. Ina ukweli wake. Mwaka 2019 watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha uchunguzi wa wauzaji katika kampuni za Marekani. Waliouza zaidi ndio waliopandishwa kuwa mameneja, na wauzaji hao mahiri ndio waliotokea kuwa mameneja dhaifu kuliko wenzao. Sawa. Lakini hiyo inamweleza muuzaji aliyepewa umeneja. Haimwelezi Johnson, ambaye alikwisha kuongoza maelfu ya watu. Wala haimwelezi Fred Goodwin.

Goodwin alikuwa naibu mkurugenzi mtendaji wa Royal Bank of Scotland, yaani RBS, wakati benki hiyo ya Edinburgh ilipoimeza NatWest mwaka 2000, benki kubwa kuliko yenyewe. Aliyekuwa juu yake ni George Mathewson. Kazi ya kuziunganisha benki mbili alisimamia Goodwin, akaifanya vizuri hata vyuo vya biashara vikaitumia kufundishia. Mwaka 2001 akachukua kiti cha mkurugenzi mtendaji. Mwaka 2004 akapewa heshima ya Sir. Mathewson alipanda kuwa mwenyekiti, na mwaka 2006 akaondoka. Mwenyekiti mpya, Tom McKillop, alitoka kampuni ya dawa.

Mwaka uliofuata RBS na washirika wawili waliinunua benki ya Uholanzi, ABN AMRO, kwa takriban euro bilioni 71. Sehemu waliyoitamani zaidi, benki ya LaSalle ya Chicago, ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa Bank of America wakati wao bado wanagombania. Waliendelea kununua hivyo hivyo. Ripoti ya FSA, iliyokuwa mamlaka ya kusimamia sekta ya fedha Uingereza, ilitoka Desemba 2011 na imeeleza uchunguzi uliofanywa kabla ya kununua: taarifa walizopewa na ABN AMRO zilienea katika majalada mawili na CD moja. Bodi iliridhia kwa kauli moja. Hasara ya mwaka 2008 ilikuwa pauni bilioni 24.1, na kampuni ya Uingereza ilikuwa haijawahi kupata hasara kubwa hivyo. Serikali ililazimika kutia pauni bilioni 45.5 za walipa kodi. Goodwin alikwenda zake, na mwaka 2012 akavuliwa ile heshima ya Sir.

Ni mtu yule yule wa NatWest. Kazi ilikuwa ya aina ile ile, kununua benki na kuiunganisha. Kilichopungua ni mzee wa kumwambia ngoja kwanza.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Wazungu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Uchumi, supamaketi zilizoanzishwa mwaka 1975. Mwaka 2006 zilifungwa kwa madeni, kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, na Jonathan Ciano akapewa kazi ya kuifufua. Akaifufua kweli. Mwaka 2010 ikatoka mikononi mwa mrasimu, mwaka 2011 hisa zake zikarudi katika soko la Nairobi, na baadaye zikaorodheshwa hata katika masoko ya nchi jirani. Magazeti yalimwandika kama mganga. Kampuni ikatanuka Uganda na hapa kwetu Tanzania. Juni 2015 bodi ikamwachisha kazi yeye pamoja na mkuu wa fedha. Wasambazaji walikuwa wakidai mabilioni ya shilingi za Kenya. Oktoba mwaka huo matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa.

Sitasema mtu mmoja aliiangusha Uchumi. Palikuwa na ushindani mkali, na palikuwa na mambo ambayo wasimamizi wa masoko ya mitaji waliyachunguza. Ninachotaka mtazame ni mpangilio wa matukio. Kampuni iliyo chini ya mrasimu haina uhuru. Wadai wanakaa mlangoni, na kila shilingi inayotoka inaulizwa inakwenda wapi. Uongozi uliong'ara ulikuwa huo wenye kuulizwa. Siku kamba ilipokatwa, tuliita ni ushindi, na kwa mwanahisa ulikuwa ushindi. Kwa maoni yangu, kampuni ilipaswa siku hiyo hiyo kujitafutia kamba nyingine ya hiari. Haikujitafutia.

Sasa tuje ofisini kwetu. Mkurugenzi mpya anafika Jumatatu. Juzi alikuwa mkuu wa idara. Alikuwa akila kantini, na kantini ndiko alikosikia kwamba mashine ya pili ni mbovu na mteja mkubwa amechoka. Leo ana dereva, ana msaidizi anayembebea mkoba, chakula kinaletwa juu. Katika kikao chake cha kwanza cha menejimenti anatoa wazo, tena wazo la kujaribia tu. Wa kwanza kuchangia anasema bosi amelenga penyewe. Wa pili anaunga mkono hoja. Wa tatu, ambaye anajua kwamba wazo hilo lilijaribiwa miaka sita iliyopita likashindwa, anatazama saa. Ana watoto wanaosoma. Hakuna aliyesema uongo chumbani humo, na bosi ametoka akiwa na uhakika ambao hakuingia nao.

Wengine watalaumu adabu zetu: shikamoo, mzee, mheshimiwa. Siafiki. Adabu haijawahi kumzuia bibi kumwambia mjukuu wake kwamba amekosea mchumba, wala mjukuu kumwambia babu, kwa upole na kwa kuzunguka, kwamba shamba la bondeni litasombwa na maji. Hao wa Edinburgh hawana shikamoo na bado walinyamaza. Kinachotunyamazisha ni hesabu ya mshahara, na hiyo inafanana duniani kote.

Mashirika yetu ya umma yana ugumu wa ziada. Mkurugenzi mkuu huteuliwa na Rais na anajua kwamba uteuzi hutenguliwa. Kwa hiyo hapana anayoiogopa ni moja tu, ile inayofika jioni kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Hiyo huja mara moja na haina marekebisho. Aliyekosea hajifunzi, anafungasha. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukataa kwa ushahidi, lakini hukataa mambo ya mwaka wa fedha uliokwisha Juni iliyopita. Fedha imekwenda, mkataba umesainiwa. Katikati ya kimya cha kila siku na radi ya mwisho hakuna kitu, na hapo katikati ndipo uongozi unapofanyika.

Nchi hii iliwahi kujaribu dawa yake, ingawa sidhani kama wanafunzi wa biashara mnaifundishwa. Mwaka 1970 waraka wa Rais uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika sehemu za kazi. Mwaka 1971 ukatoka Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko walivyotegemea walioandika. Migomo ikafuatana, mameneja wengine walifungiwa nje ya mageti, mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe. Serikali ikaona mambo yamezidi, ikayazima. Siwatetei wote waliofunga mageti, maana wapo mameneja waliodhulumiwa na uzalishaji uliumia. Lakini waraka ule ulikuwa umeliona swali ambalo bodi ya RBS haikuliona miaka zaidi ya thelathini baadaye. Mabaraza bado yapo kisheria. Mengi hukutana kupitisha bajeti, kunywa soda na kusaini posho.

Mfano wa kinyume nitautoa mmoja. Warren Buffett wa Berkshire Hathaway, mmoja wa watu matajiri kuliko wote duniani, aliishi miongo mingi na Charlie Munger pembeni yake. Alimpachika jina la utani ambalo kwa Kiswahili ningesema ni Bwana Hapana. Buffett wa ujanani alipenda kampuni mahututi zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1972 walipofikiria kununua See's Candies, kampuni ya peremende na chokoleti ya California, Buffett aliona bei ni kubwa. Munger alimsukuma atazame ubora. Waliinunua kwa dola milioni 25 na faida yake imewalipa mara nyingi kupita hesabu. Munger alifariki Novemba 2023 akiwa na miaka 99. Katika barua yake kwa wanahisa, Buffett aliandika kwamba Munger ndiye msanifu wa Berkshire, yeye Buffett alikuwa mjenzi tu.

Msinielewe vibaya mkadhani naomba bodi zinazokataa kila kitu. Hizo tunazo. Faili linarudi kwa sababu mhuri umekaa vibaya, safari inazuiwa, ununuzi unakwama miezi tisa. Hapana ya namna hiyo haimgharimu chochote anayeitoa, ndiyo maana anaitoa kwa wepesi. Munger alikuwa na fedha zake mwenyewe ndani ya Berkshire. Jobs alikuwa ameweka jina lake rehani kwa maduka yale, na alikuwa tayari kugeuka kesho yake asubuhi akiona amekosea. Anayekataa lazima awe na cha kupoteza, na lazima awe mtu anayeweza kushawishika. Akikosa la kwanza ni mpiga mihuri. Akikosa la pili ni bosi mwingine tu.

Basi kwenye usaili wa mkurugenzi, acheni kidogo kumuuliza alichofanikisha. Mpigieni simu bosi wake wa zamani mumuulize ni mambo gani alimkatalia, na alipomkatalia, jamaa alifanyaje. Kama hakuna kumbukumbu hiyo, hamjui mnaajiri nini. Mkaguzi wa ndani asiwe mtu ambaye likizo yake, marupurupu yake na mkataba wake viko mkononi mwa yule anayemkagua. Mwenyekiti wa bodi awe mtu anayeijua biashara yenyewe kwa kuifanya, hata kama hajui kuhutubia.

Na nyinyi mnaokaa kwenye bodi, nawaona mko kadhaa hapa mbele, nawaomba jambo dogo. Kabla ya kikao chenu kijacho, mwiteni katibu awaletee mihutasari ya mwaka mzima uliopita. Hesabuni ni maombi mangapi ya menejimenti mliyoyakataa, au mliyoyarudisha yafanyiwe kazi upya. Mkikuta hakuna hata moja, msimtafute mkurugenzi mwingine kwanza. Jitazameni nyinyi.

Sasa nasubiri maswali, na aliyekuja na la kunipinga aanze yeye.